Shilingi ya Yule Mwanamke na Mafunzo Yetu ya Haraka

Kazi ya kuwaandaa walimu ina faida moja isiyotajwa katika barua ya ajira. Humrejesha mtu mzima darasani, akaketi kwenye dawati la nyuma kabisa, magoti yakigusa mbao, akasikiliza mambo aliyodhani anayajua. Katika muhula wa pili wa mwaka wa 2023 niliketi hivyo katika shule moja ya upili, kalamu mkononi na fomu ya ukaguzi mapajani, nikimtazama mwanafunzi wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Masomo yake yalikuwa Kiswahili na Dini ya Kikristo, mseto unaopendwa mno na walimu wetu chipukizi. Mimi ni mtu wa isimu, lakini uhaba wa wakaguzi hufanya mtu mmoja akague yote mawili, na siku hiyo kilikuwa kipindi cha Dini. Kidato cha pili. Injili ya Luka, mlango wa kumi na tano.

Somo lilikuwa likiendeshwa kwa Kiingereza, kama ilivyo ada ya shule zetu. Hata hivyo, kijana mmoja aliyeketi karibu nami alikuwa na Biblia ya Kiswahili, kuukuu, jalada lake limeshonwa kwa uzi mweusi. Yamkini ilikuwa ya nyanyake. Mwalimu alipomaliza kueleza habari za mwanamke aliyepotewa na kipande kimoja cha fedha kati ya kumi, akawasha taa na kuifagia nyumba hadi akakipata, kijana huyo aliinua mkono, na swali likamtoka kwa lugha aliyoisoma:

"Mwalimu, ni shilingi moja tu? Si angeiacha akalala?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akatabasamu, akatazama saa, akatupa jicho upande wangu, kisha akageuka na kuandika ubaoni mambo sita ambayo Wakristo hujifunza kutokana na mfano huo. Wanafunzi wakayanakili. Kengele ikalia. Swali la yule kijana likabaki likining'inia hewani mithili ya nguo iliyosahauliwa kambani.

Msomaji mpendwa, mimi naliona swali hilo kuwa ndilo lililokuwa la maana kuliko yote yaliyosemwa katika dakika zile arobaini. Kijana hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa ameisoma habari hiyo kwa makini kuwashinda wenzake, akaona jambo lisiloingia akilini, akataka kuelezwa. Nani katika Kenya yetu anayewasha taa kutafuta shilingi moja? Ukiiangusha sokoni huinami kuiokota, na dukani huenda ukapewa peremende badala yake, nawe ukaenda zako.

Kosa si la Luka. Katika Kiyunani alisema drakma, na drakma ilikadiriwa kuwa sawa na ujira wa kibarua wa kutwa nzima. Waliotafsiri Biblia ya Union Version, iliyotolewa kamili mwaka wa 1952, walifanya jambo la busara kwa wakati wao. Waliona kwamba drakma haitamwambia kitu mtu wa Mombasa wala wa Dodoma, wakachukua sarafu iliyokuwa mifukoni mwa watu kutoka pwani hadi Uganda, wakaandika shilingi. Katika enzi hizo shilingi ilikuwa na uzito, na mtu aliyeipoteza aliinama. Tangu hapo imeendelea kupungua thamani huku neno likibaki palepale kwenye ukurasa. Lugha haikubadilika, sarafu ndiyo iliyobadilika, na mfano ukachuja bila mtu kuugusa. Biblia ya Habari Njema ya miaka ya tisini iliamua kusema sarafu ya fedha, uamuzi wa salama, ingawa nao haumwonyeshi msomaji ni fedha kiasi gani. Lau mwalimu wetu angaliwaambia vijana wale kwamba mama huyo alikuwa amepoteza mshahara wa siku nzima ya kupalilia shamba la mtu, kicheko kingalikoma chenyewe.

Nami nalijua jambo hili kwa njia nyingine iliyotangulia vitabu.

Nilipokuwa mtoto, Ukambani, mama yangu alikuwa akisuka vyondo na kuviuza siku ya soko. Fedha alizifunga kwenye pembe ya leso, fundo moja, na leso akajifunga kiunoni. Jioni moja alirudi, akafungua fundo, akakuta noti ya shilingi ishirini haimo. Wakati huo ishirini ilikuwa bado noti. Sarafu yake haikuja hadi mwaka wa 1998. Siwezi kusahau usiku ule. Aliwasha koroboi, akatuondoa sote vitandani, akakung'uta blanketi moja moja. Akafagia chumba cha kulala, akafagia jikoni, kisha akafagia jikoni mara ya pili kwa mkono wake, akizichambua takataka kama mtu anayechagua mchele. Baba alimwambia angoje kupambazuke. Hakumjibu. Noti ilikutwa chini ya gunia la mahindi, alikokuwa ameinama kwanza alipoingia.

Kilichofuata ndicho kilichonishangaza. Alitoka nje usiku huohuo, akawaita majirani wawili, akina mama waliokuwa wakijua habari za msako kwa kuwa kuta zetu hazikuzuia sauti, akawapikia chai ya maziwa. Sukari ya juma zima ikaenda. Baba, mtu wa hesabu, akauliza chai hiyo imegharimu kiasi gani. Akina mama wakacheka hadi machozi yakawatoka.

Kwa hiyo nilipousoma mlango wa kumi na tano wa Luka nikiwa mkubwa, na kukuta kwamba yule mwanamke naye aliwaita rafiki na majirani zake washangilie pamoja naye, sikuhitaji mtu wa kunihubiria. Niliijua hesabu isiyolingana ya furaha hiyo. Wafafanuzi wengi hukazia bidii ya mama yule. Wachache hujiuliza sherehe ilimgharimu nini.

Habari hii ina mkia. Jambo la noti lilienea kijijini, na Jumapili iliyofuata mhubiri wetu alilitumia mimbarani. Akatusimulia jinsi noti ilivyokuwa salama fundoni, ikatoroka, ikaingia gizani chini ya gunia, mfano wa mwenye dhambi aliyeasi. Watu wakaitikia amina. Tulipokuwa tukirudi nyumbani mama alinyamaza kwa kitambo, kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu: "Noti haikukosa lolote. Mimi ndiye niliyefunga fundo vibaya."

Nimesoma vitabu kadhaa vya ufafanuzi tangu wakati huo, na sijakutana na sentensi inayouingia mfano huo kwa undani kuliko hiyo. Sarafu haiwezi kutubu. Haijui hata kwamba imepotea. Kondoo anayetangulia katika mlango huohuo angalau aweza kulia. Sarafu hulala tu pale ilipoanguka. Uzito wote wa habari umo mikononi mwa anayetafuta, na pengine, kama alivyoona mama yangu, katika fundo lake pia. Mhubiri alikuwa na haraka ya kufika kwenye dhambi, akairuka noti. Mama aliyekuwa ameifagilia nyumba nzima hakuweza kuiruka.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Desturi ya kuchota mafunzo ya imani katika maisha ya kila siku ni desturi njema, tena kongwe, na sina nia ya kuipiga vita. Aliyeianzisha kwa Wakristo ni Bwana wao mwenyewe, ambaye hakufundisha kwa istilahi bali kwa mbegu, nyavu, chumvi, viraka na deni. Neno la Kiyunani tunalolitafsiri kuwa mfano lina maana ya kuweka kitu kando ya kingine. Neno letu nalo, mfano, ni la ukoo mmoja na kufanana. Katika lugha zote mbili vinahitajika vitu viwili, na vyote viwili viwepo. Maradhi ya mahubiri yetu, na ya madarasa yetu, ni kwamba kitu cha kwanza hakiangaliwi. Tunakitaja, kisha tunakimbilia funzo, kana kwamba dunia ni ganda la ndizi la kutupwa baada ya kumenywa.

Nichukue mfano wa chachu. Tumeusikia tangu utotoni: ufalme wa mbinguni ni kama chachu ambayo mwanamke aliitia katika pishi tatu za unga. Pishi ni kipimo cha pwani, vibaba vinne, chini kidogo ya kilo tatu kwa mchele. Kwa hiyo msomaji wetu humwona mama mwenye beseni la kilo nane hivi, mama wa kawaida anayeandaa maandazi ya kuuza asubuhi. Lakini kipimo kilichotajwa na Injili, yaani saton, kilikuwa takriban lita kumi na tatu. Vitatu ni kama lita arobaini. Huo ni unga wa kulisha watu wapatao mia moja! Ni kipimo kilekile ambacho Ibrahimu alimhimiza Sara akipike walipojiwa na wageni watatu hemani, na wasikilizaji wa kwanza, waliolelewa katika masimulizi hayo, bila shaka walishtuka kukisikia. Mama gani huyu anayekanda unga wa kijiji kizima? Mikono yake ina nguvu gani? Ataoka wapi? Ukimwona huyo kwa macho ya mtu aliyewahi kukanda, funzo halihitaji kuandikwa ubaoni. Usipomwona, utaandika kwamba ufalme hukua polepole, nawe utapata alama yako moja.

Alama, naam. Tusiwalaumu walimu pasi na kuutazama mtihani uliowalea. Kwa miaka mingi karatasi ya Dini ya Kikristo katika mtihani wa kidato cha nne imekuwa ikiwadai watahiniwa wataje mambo matano, sita au saba ambayo Wakristo hujifunza kutokana na kisa fulani. Kila jambo alama moja. Mtahiniwa mwerevu hugundua upesi kwamba kuna mafunzo yanayoingia popote: kuwa na imani, kuwa na subira, kusaidiana, kumtegemea Mungu, kusali bila kukoma, kutubu. Ukiwa na hayo sita mfukoni waweza kujibu swali la Nuhu, la Ruthu, la Msamaria mwema na la sarafu, bila kufungua kitabu. Jambo hili silisemi kwa kejeli. Nimewafunza vijana waliopata alama za juu kabisa katika somo hilo na ambao hawakuweza kunieleza yule Msamaria alimlipa mwenye nyumba ya wageni kiasi gani, wala kwa nini aliahidi kurudi.

Sisi wa Kiswahili nasi tusijitie utakaso. Ni nani aliyewazoesha watoto kumalizia kila ngano kwa maneno "hadithi hii inatufunza"? Ngano za bibi zetu hazikuwa na mkia huo. Bibi alimaliza, akanyamaza, mkaenda kulala na fisi wenu kichwani. Mkia uliletwa na vitabu vya darasani na karatasi za ufahamu. Fisi akawa uroho, sungura akawa ujanja, na wanyama wenyewe wakatoweka.

Kwa sasa KCSE inaelekea ukingoni, ikitarajiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2027, na mtaala wa umilisi umeahidi kumfanya mwanafunzi atazame, ahoji, atende. Ahadi hiyo ni njema. Walakini mtaala hautazami lolote. Mwalimu ndiye atazamaye, na mwalimu aliyezoea kuchuma mafunzo sita kwa dakika tano ataendelea kuyachuma chini ya jina lolote utakaloupa mtaala.

Mahubiri ya mjini nayo yamepata hazina mpya. Siku hizi sala ni chaji ya simu, dhambi ni virusi, neema ni muda wa maongezi usiokwisha, na Mungu ni mtandao usiokatika. Vijana hufurahi, nami hucheka pamoja nao. Lakini jaribu kukaa na mfano huo dakika mbili zaidi. Mtandao hulipiwa. Asiyelipa hukatiwa. Je, hilo nalo ni funzo? Mhubiri hakulikusudia. Alichukua kile kipande kilichomfaa, akakiacha kingine, na msikilizaji maskini, ambaye kwake muda wa maongezi ni suala la kula au kutokula, amesikia chote.

Hayo ni madogo. Yako makubwa, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2001 nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Usiku wa kuamkia tarehe 26, moto uliwashwa katika bweni la shule ya Kyanguli, katika wilaya ya Machakos, kwetu. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla, mnamo 1998, wasichana 26 walikuwa wamekufa katika bweni lililoungua huko Bombolulu, Kwale, nao pia nyuma ya vyuma. Katika majuma yale, redioni, matangani na makanisani, nilisikia sentensi moja ikirudiwa kwa sauti za kila namna: kazi ya Mungu haina makosa.

Kama mtu wa isimu najua kwamba maana ya sentensi haimo katika maneno yake pekee. Imo pia katika kinywa kinachoitamka, katika sikio linaloipokea, na katika kazi inayofanywa na usemi huo kati ya wawili hao. Mama aliyefiwa akisema kazi ya Mungu haina makosa, hatoi mhadhara wa theolojia. Anatafuta mahali pa kukanyaga asianguke. Mtu asithubutu kumsahihisha, na mimi wa kwanza. Jirani akimwambia maneno hayohayo huku amemshika mkono, hiyo ni pole, ndugu wa pole zetu nyingine, na huenda hata maneno hayasikiki, unasikika mkono tu. Lakini sentensi hiyohiyo ikitoka katika kinywa cha aliyekuwa na ufunguo wa mlango, au cha aliyepaswa kulikagua bweni na hakulikagua, si pole tena. Imekuwa utetezi, na Mungu amewekwa kizimbani mahali pa mtu.

Na hili ndilo funzo la haraka katika umbo lake la hatari. Msiba umetokea, nasi tunauruka kabla ya kuutazama, tunatua kwenye mapenzi ya Mungu, na tukishatua huko hakuna tena haja ya kuuliza habari za kufuli.

Injili ya Luka, hiyohiyo ya kidato cha pili, ina kisa ambacho sijasikia kikihubiriwa mara nyingi. Kimo mwanzoni mwa mlango wa kumi na tatu. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu kumi na wanane. Ni ajali ya mjini, ya ujenzi, kama zile tunazozisoma magazetini mwetu jengo la ghorofa linapoporomoka. Yesu aliwauliza waliokuwa naye kama walidhani kwamba hao kumi na wanane walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe: sivyo. Alikuwa na nafasi nzuri ya kuwatolea funzo waliokufa, akakataa. Hakuondoka bila neno, kweli. Neno lake la toba aliwageuzia walio hai, waliosimama pale wakizungumza habari za mnara. Wafu aliwaacha wapumzike.

Sasa, kama kuna mtu anayetaka kusoma imani katika mambo ya kila siku, namwomba afungue Kumbukumbu la Torati, mlango wa ishirini na mbili, aya ya nane. Anayejenga nyumba mpya ameagizwa ajenge ukingo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka kutoka huko na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Ni amri ya Mungu kuhusu ukuta mfupi wa darini, mahali ambapo watu wa nchi ile walipitishia jioni zao. Torati haikusema kwamba akianguka mtu ni siku yake imefika. Ilimuuliza mwenye nyumba habari za ukingo.

Nchi yetu nayo ilijiandikia ukingo wake. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma, na milango yake ifunguke kwa nje. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 2024, watoto 21 walikufa baada ya bweni kuungua huko Endarasha, Nyeri. Vitanda vyetu vimesongamana kiasi gani usiku huu? Mlango wa pili unafunguka? Ufunguo uko kwa nani? Naomba mwalimu wa Dini, kabla ya kipindi chake kijacho kuhusu upendo wa jirani, awapeleke wanafunzi wake bwenini wakiwa na futi ya kupimia, wapime nafasi kati ya kitanda na kitanda, wajaribu kufungua kila mlango. Kisha warudi darasani wasome aya ile ya Torati. Najua kuna watakaosema kwamba hiyo si kazi ya somo la Dini. Ni kazi ya nani, basi? Sijui somo jingine ambalo kitabu chake kinatamka damu ya mtu na ukingo wa dari katika pumzi moja.

Wapo pia watakaosema kwamba nawavunja moyo waumini wanaoona mkono wa Mungu katika mambo madogo. La hasha. Mama yangu aliuona katika noti, tena kuliko mhubiri. Ninachokiomba ni subira ya kukitazama kitu hadi kitu chenyewe kiseme, na ujasiri wa kunyamaza kikikataa kusema.

Nirudi kwa yule mwalimu wetu. Baada ya kipindi tuliketi chini ya mkangazi, kama ilivyo desturi, nimpe maoni. Nikamuuliza kwa nini hakumjibu yule kijana wa shilingi. Akainamisha kichwa.

"Daktari," akasema, "nilijua swali ni zuri. Lakini dakika zilikuwa zimebaki nane, na mtihani utawadai mambo sita. Na wewe ulikuwa umeketi pale."

Sentensi hiyo ya mwisho ilinichoma. Ni kweli, nilikuwa nimeketi pale na fomu yangu, ambayo ina nafasi ya kutia alama za malengo ya somo, udhibiti wa darasa na matumizi ya ubao, lakini haina nafasi ya swali lililoulizwa na mwanafunzi. Nilimweleza habari za drakma. Nilimsimulia, jambo nisilolifanya kwa kawaida, habari za noti ya mama. Hatukuafikiana kuhusu yale mambo sita. Alisema kwamba mimi sitakuwapo matokeo yatakapotangazwa, naye alikuwa na haki.

Majuma matatu baadaye nilirudi kwa ukaguzi wa pili. Alikuwa ameshuka hadi mlango mwingine wa Luka, lakini alianza kwa kurudi nyuma. Aliwauliza wanafunzi, kwa Kiswahili, kitu gani nyumbani kwao kingepotea usiku, wangewasha taa na kukitafuta hadi kionekane. Majibu yalikuja kwa wingi na kwa kelele. Kitambulisho cha baba. Laini ya simu yenye namba za watu wote. Cheti cha kuzaliwa, maana kukipata kingine ni safari za miezi. Yule kijana wa Biblia kuukuu akasema ni kadi ya kliniki ya nyanyake. Mwalimu akawa anasikiliza, chaki mkononi.

Kisha msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasema, "Dada yangu." Alikuwa amekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, na simu yake ilikuwa haipatikani kwa miezi mitano. Mama yao, alisema, huipiga namba hiyo kila usiku kabla ya kuzima taa.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alimsogelea msichana yule, akasimama kando ya dawati lake, akaweka chaki chini. Kwa muda mrefu kidogo darasa lilikaa hivyo. Nilitazama fomu yangu, pale palipoandikwa matumizi ya ubao, nikaiacha nafasi hiyo wazi.